Tukiyasahau majina ya vyakula vyetu, njaa haitatusahau

Msafiri atokaye Mombasa kuelekea Nairobi, akishaipita Mariakani na Maji ya Chumvi, huona minazi ikiadimika na mibuyu na michongoma ikishika nafasi yake. Punde si punde hufika Samburu. Si ile Samburu ya kaskazini inayojulikana kwa mbuga yake ya wanyama, bali Samburu ya Kwale, nchi ya Waduruma, mji mdogo uliokua kandokando ya reli na barabara kuu, ambapo malori husimama na madereva hushuka kula.

Majuma machache yaliyopita nilisimama hapo nikiwa na njaa. Niliingia katika hoteli moja ya mabati, nikaketi karibu na mzee aliyekuwa akinywa chai. Ubaoni palikuwa pameandikwa kwa chokaa: ugali, chapati, githeri, sukuma, omena, chipsi. Kwa kuwa nimezaliwa upande huo, nilimwambia kijana aliyekuja kunihudumia, “Niletee wari na mtsunga.”

“Wali upo, mzee,” akanijibu kwa adabu. “Unataka mweupe au pilau?”

Mzee jirani yangu alicheka, akaweka kikombe chini. “Mwanangu, huyu anataka sima.”

“Aa, ugali!” kijana akasema kwa furaha ya mtu aliyefumbua fumbo. “Ugali tunao. Lakini huo mtsunga hatuna. Sukuma ipo.”

Nilimwuliza kwao ni wapi. Akanyoosha kidole nyuma ya stesheni: kwao ni papo hapo.

Msomaji huenda akaona kuwa hiki ni kisa cha kuchekesha tu, cha kupitisha wakati mezani. Mimi ambaye riziki yangu ni kufundisha isimu nilikiona kwa jicho jingine. Meza moja, watu watatu, chakula kimoja, na majina matatu: wari, sima, ugali, na juu yake jina la nne, wali, ambalo lilimpotosha kijana. Kisha pakawa na jina la tano, mtsunga, ambalo halikumpotosha kwa sababu halikuwapo kabisa kichwani mwake. Makala haya yanahusu tofauti iliyopo kati ya mambo hayo mawili, yaani neno linalobadilika na neno linalopotea, kwani tofauti hiyo ina uzito kuliko tunavyodhani.

Hebu tuanze na neno linalobadilika. Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana na lugha za Ngazija ni ndugu wa tumbo moja. Wanaisimu huliita kundi hilo Sabaki, na Derek Nurse na Thomas Hinnebusch waliieleza historia yake kwa kirefu katika kitabu chao cha mwaka 1993. Ndugu hawa walirithi jina moja la chakula kikuu cha unga uliosongwa kwa maji moto. Kwa Waduruma, Wadigo na Wagiriama jina hilo limebaki kuwa wari, na maana yake imebaki ile ile: sima. Kwa Waswahili wa mwambao, waliozoea kula mchele zaidi, jina lilihama kutoka kwenye unga likaenda kwenye mchele uliopikwa, likawa wali. Neno ugali nalo, kwa kadiri tunavyoweza kuona, ni la ukoo huo huo, ila limekuja na sauti ya g iliyohifadhiwa katika lugha za bara na kupotea katika midomo ya Pwani. Kwa hiyo kijana wa Samburu aliponiuliza kama ninataka pilau, hakukosea sana. Alikuwa ameshika tawi jingine la mti ule ule.

Jambo la kuzingatia ni hili. Neno lililohama halikuwa jina la mmea. Lilikuwa jina la chakula chenyewe, kile ambacho mtu asipokila husema hajala. Mchele ulipokalia kiti hicho kwa Mswahili, jina likaufuata mchele. Kwa Mdigo wa Msambweni, mchele ni mgeni wa heshima, lakini haukupewa kiti. Ndiyo maana wazee husema wari wa mpunga, yaani sima ya namna nyingine.

Wala tusidhani kwamba Mduruma hakubadilika. Wari ya mababu zake haikuwa ya mahindi. Ilikuwa ya mtama, ya wimbi na ya mawele, kwani mahindi ni mmea wa Meksiko, na ulifika pwani yetu baada ya Wareno kuanza kupita hapa mwishoni mwa karne ya 15. Jina lake la Kiswahili linautaja Uhindi, ambako haukutoka. Wamijikenda wao huyaita matsere. Polepole matsere yaliingia kinuni, yakaingia chunguni, na hatimaye yakaingia katika neno wari bila kubisha hodi. Leo ukisema wari katika Samburu, hakuna anayeuliza wari ya nini.

Hii ni kanuni ninayopenda kuwafunza wanafunzi wangu kwa mifano ya jikoni, kwa sababu jikoni hakuna asiyekujua. Chakula kinachotawala hubeba jina tupu, lisilo na kivumishi. Kilichopinduliwa hulazimika kuongezewa neno la pili. Tazama unga. Nchini Kenya mtu akitumwa dukani kununua unga, huleta wa mahindi. Akitaka wa ngano au wa mtama, sharti aseme. Wakenya walipoandamana mwaka 2011 kupinga bei ya unga, na serikali ilipotoa ruzuku ya unga mwaka 2017 na tena mwaka 2022, hakuna gazeti lililohitaji kueleza ni unga wa nini.

Au tazama njugu. Hapo kale njugu ilikuwa ile ya asili ya Afrika, ngumu na ya mviringo. Zikaja karanga kutoka Amerika ya Kusini, zikapewa jina la mwenyeji kwa kuazimwa: njugu karanga, njugu nyasa. Leo mtoto wa mjini akisikia njugu hufikiria karanga, na mwenyeji ndiye anayeitwa njugu mawe, kana kwamba yeye ndiye aliyekuja na meli. Hata vyombo vina habari zao. Sufuria ni neno la Kiarabu linalotokana na jina la shaba. Sufuria zetu za leo ni za bati na alumini, lakini jina lingali linang'aa kwa shaba ambayo haipo.

Kutokana na haya, msomaji ataona kwamba mimi si mmoja wa wale wanaolia kila mara neno la kigeni linapoingia lugha. Lau tungeyatoa maneno yote ya kigeni katika meza ya Pwani, tungebaki na sahani tupu. Pilau, biriani na sambusa zina asili ya Uajemi. Achari na chapati zimetoka Bara Hindi. Mahamri yanaitwa hivyo kwa sababu ya hamira, neno la Kiarabu. Nanasi na papai zimekuja na majina yake kwa mkono wa Mreno. Na ile pilipili nyeusi tunaiita pilipili manga, kwa kuwa Manga ni jina la zamani la Uarabuni. Nani atathubutu kumwambia mama wa Kwale, anayekanda mahamri alfajiri na kuchemsha mbaazi kwa tui la nazi, kwamba kiamshakinywa hicho si chake? Chakula kikishalishwa watoto kwa vizazi kadhaa, hupata uraia. Jina lake hupata ngeli, hupata wingi, huingia katika methali.

Mahindi yenyewe yamepata uraia huo. Wakulima wa Pwani waliyazoea kiasi cha kuyapa majina ya nyumbani: kuna mdzihana, kuna mengawa, kuna kanjerenjere. Mkulima aliyezijua aina hizo alijua ipi huvumilia jua, ipi hukomaa upesi, ipi haiharibiwi haraka na wadudu ghalani. Jina lilikuwa muhtasari wa elimu yote hiyo. Kisha zikaja mbegu za madukani zenye majina kama Pwani Hybrid na namba zake. Sizilaumu mbegu hizo, maana zimelisha wengi. Lakini namba haimwambii mkulima kitu mpaka asomewe karatasi iliyo ndani ya pakiti.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo la pili, lile la neno linalopotea. Mtsunga ni mboga ya majani inayomea yenyewe kondeni na vichochoroni mara mvua inaponyesha. Ni michungu, na uchungu wake ndio utamu wake kwa aliyeuzoea. Haikulimwa wala haikuuzwa, ilichumwa. Pamoja nayo kulikuwa na mnavu, na majani ya kunde, na kisamvu cha muhogo, na mlenda unaoteleza. Zote hizi ziliitwa mboga. Neno mboga lenyewe lilikuwa pana kuliko lilivyo leo: lilimaanisha chochote kinachoteremshia wari, hata ikiwa ni samaki au nyama. Wazee walikuwa na kitenzi chake, kutowea, yaani kula chakula kikuu pamoja na kitu cha kukilainisha. Kitoweo tunacho hadi leo, lakini kitenzi kimekufa tukimtazama. Nimewauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza zaidi ya mara moja, na ni wachache mno waliowahi kukisikia.

Badala ya majani hayo yote, sasa kuna sukuma wiki, mboga njema iliyotoka bara na jina linaloeleza kazi yake: kuisukuma wiki mpaka mshahara ufike. Badala ya pure, ambalo ndilo jina la Pwani la mahindi yaliyochemshwa pamoja na kunde au maharage, ubao wa Samburu unasema githeri, neno la Kikuyu. Badala ya ng'onda, samaki mkavu aliyetoka Gazi au Vanga, kuna omena, neno la Kijaluo lililosafiri kutoka Ziwa Viktoria. Narudia kwamba sina ugomvi na githeri wala omena. Wakaribie, wale. Lakini mgeni akiingia na mwenyeji akabaki, nyumba imeongezeka mtu. Mgeni akiingia na mwenyeji akatoka, nyumba ina idadi ile ile, ila hakuna tena anayejua kisima kiko wapi.

Shule nayo imechangia. Watoto wetu hukaririshwa kwa ajili ya mtihani kwamba chakula cha asubuhi ni staftahi, cha mchana ni chamcha na cha jioni ni chajio. Wanapata alama, kisha wanarudi nyumbani na kusema chai, lanchi na sapa. Wanajua kwamba haba na haba hujaza kibaba, lakini hawajawahi kukiona kibaba, wala hawajui kwamba vibaba 4 vilifanya pishi moja. Wanachokijua ni gorogoro, mkebe wa mafuta wa kilo 2. Tumewapa watoto maneno yasiyo na chakula, na vyakula visivyo na maneno.

Nami niruhusiwe kueleza jambo lililonipata mimi mwenyewe. Mwaka 1984 mvua zilikosekana karibu katika nchi nzima. Nilikuwa na umri wa miaka 7. Serikali iliagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, na watu wengi waliyala kwa shingo upande, wakisema kuwa hicho ni chakula cha mifugo. Kwetu hayakutosha hata hayo. Nyanya yangu alikuwa akituamsha kabla ya jua kuchomoza na kutupeleka vichakani na kwenye kingo za makorongo, mahali ambapo unyevu ulikuwa umesalia. Alitembea akitaja majina: hili linachumwa changa, hili linachemshwa na maji yake kumwagwa, hili usiliguse. Alikuwa akitaja kila jina mara mbili na kutulazimisha kulirudia. Nilidhani ni mchezo wa wazee.

Watoto wa jirani walituona tukirudi na vikapu, wakatucheka kwamba tunakula majani kama mbuzi. Kuanzia siku hiyo nikawa ninaona haya. Miaka michache baadaye, shuleni, tuliambiwa tuandike insha juu ya chakula cha nyumbani. Niliandika kwamba tulikula wari kwa mtsunga. Mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa kwetu na sina sababu ya kumtaja, alikata maneno yote mawili kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake: wali kwa mchicha. Akaniondolea alama 2. Kwa wino ule mwekundu alitupatia mchele ambao hatukuwa nao, na akatunyang'anya mboga iliyotuokoa. Sikubisha. Nilijifunza somo, nalo ni kwamba chakula chetu hakina jina linaloandikika.

Nyanya alikwisha kufariki. Mwaka jana, baada ya mvua, nilimpeleka binti yangu kwenye kiunga chake cha zamani. Niliutambua mtsunga, nikamwonyesha. “Baba, haya si magugu?” akaniuliza. Nikacheka, nikamweleza. Kisha akanyoosha kidole kwenye mimea mitatu iliyokuwa pembeni yake na kuuliza, “Na hii?” Niliikumbuka sura yake. Nilikumbuka mkono wa nyanya ukiichuma. Majina yalikuwa yameondoka. Nina shahada ya uzamifu katika lugha, lakini sikuweza kumwambia mtoto wangu ipi inalika na ipi huchemshwa kwanza.

Huenda msomaji akauliza: kuna hasara gani? Maduka yapo, unga upo, na katika njaa serikali na mashirika huleta msaada. Jibu langu ni kwamba watu wengine waliwahi kufikiri hivyo, nasi tunaweza kujifunza kwao bila kwenda kuwazika.

Ireland ni kisiwa cha mvua tele, hakifanani na Samburu hata kidogo. Kwa karne nyingi Waayalandi waliishi kwa shayiri na nafaka nyingine za baridi, na zaidi kwa maziwa, mtindi, siagi na jibini, ambavyo katika lugha yao waliviita kwa jumla bánbhia, yaani vyakula vyeupe. Mwishoni mwa karne ya 16 kiazi kikafika kutoka Amerika. Kilipokelewa kama mgeni, kikapewa jina la kuazima, práta. Lakini kilimea hata penye udongo mbaya, na ardhi nzuri ilikuwa mikononi mwa makabaila. Kufikia miaka ya 1840 watu wapatao milioni 3 walikuwa wakikitegemea karibu peke yake, tena wengi wao wakipanda aina moja tu, iliyoitwa lumper. Kiazi kilikuwa kimekalia kiti cha chakula.

Mwaka 1845 ukaja ugonjwa wa mimea na kuoza kwa viazi ardhini. Katika miaka iliyofuata watu takriban milioni moja walikufa, na wengine milioni moja au zaidi walihama. Serikali ya Uingereza iliagiza mahindi kutoka Marekani. Waayalandi hawakuyajua, hawakujua namna ya kuyasaga wala kuyapika, na wengi waliugua matumbo. Wakayaita min bhuí, unga wa manjano. Niliposoma jina hilo kwa mara ya kwanza niliweka kitabu chini, nikakumbuka foleni za mwaka 1984. Isitoshe, waliopigwa zaidi na njaa ile walikuwa maskini wa magharibi, ambao ndio waliokuwa wakizungumza Kiayalandi. Chakula na lugha vilidhoofika kwa pamoja. Na ajabu ya majina haina mwisho: hadi leo wafanyabiashara wa Kenya, wanapotaja viazi vya kizungu kwa Kiingereza, huviita viazi vya Ireland, ingawa vimetoka milima ya Andes.

Sisi nasi tuna kumbukumbu zetu. Mijikenda hawakuziita njaa kwa tarakimu, walizipa majina. Ile ya mwishoni mwa miaka ya 1890 iliitwa Magunia, kwa sababu ya magunia ya nafaka yaliyoletwa kuwaokoa watu. Njaa ilipewa jina la kile kilichotoka nje, si la kile kilichokosekana ndani. Nadhani wazee walikuwa wanatuonya. Na katika miaka ya 2020 hadi 2022 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu katika Pembe ya Afrika; mnamo Septemba 2021 ukame ulitangazwa kuwa janga la kitaifa nchini Kenya, na Kinango na Samburu hazikusalimika. Mahindi yalinyauka mashambani, kama ilivyotazamiwa kwa mmea unaotaka maji katika nchi isiyo na maji. Mtama ungestahimili zaidi, na kunde, na mbaazi, na muhogo. Lakini mtu aliyezoea kuwa wari ni mahindi, akikosa mahindi husema hakuna chakula, hata kama kuna muhogo shambani. Hasemi uongo. Anasema kile ambacho neno limemfunza.

Wala majina si pambo tu. Kuna muhogo mtamu na muhogo mchungu, na anayepika wa pili kama wa kwanza anaweza kupoteza maisha. Kamusi za zamani za Kiswahili zina neno ndiga, kiazi cha mwituni chenye sumu, ambacho watu walikila wakati wa njaa baada ya kukikata vipande na kukiloweka majini kwa siku kadhaa. Neno hilo likitoka katika midomo, kiazi hakitatoka porini. Kitabaki pale, na sumu yake, kikingoja mwenye njaa asiyekijua.

Tufanye nini basi? Sisemi turudi kwenye kinu na mchi, wala sisemi mtu yeyote aache chapati yake. Nasema mambo matatu mepesi. La kwanza ni la shule. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2017 unaruhusu lugha ya nyumbani katika madarasa ya mwanzo. Walimu wa Samburu, Kinango na Msambweni wawatume watoto kwa nyanya zao wakalete jina la mboga moja kila juma, pamoja na mboga yenyewe na namna ya kuipika. Jambo hili si ndoto: mwaka 2021 UNESCO iliusajili mradi wa Kenya wa kuhifadhi vyakula vya jadi miongoni mwa mifano bora ya uhifadhi, na kazi hiyo ilihusisha pia shule za msingi.

La pili ni letu sisi wa vyuo vikuu na watunga kamusi. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuishi Rabai, aliandika kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882, na ndani yake akatia maneno mengi ya Wamijikenda, ingawa aliyaita ya Kinika, jina lisilo la heshima. Mwaka 2004 ikatoka kamusi ya Kidigo iitwayo Mgombato. Ni aibu kwamba kamusi zetu kubwa za Kiswahili, zilizojaa majina ya kemikali na mitambo, hazina nafasi ya kutosha kwa majani yanayoliwa kilomita 60 kutoka Mombasa. Neno la Pwani likiwa na chakula chake, lipewe uraia kama tulivyoipa sukuma wiki.

La tatu ni la serikali za kaunti, ambazo chini ya katiba ya mwaka 2010 ndizo zenye dhamana ya kilimo. Mbegu za mtama na kunde zinapogawiwa, zisigawiwe kama sadaka ya wakati wa dhiki. Chakula kikiitwa cha njaa, hakuna atakayekipanda wakati wa shibe, na wakati wa njaa kitakuwa kimechelewa.

Narejea kwenye meza ya Samburu. Kijana aliniletea ugali wake, mweupe na moto, na sukuma iliyokaangwa vizuri. Nilikula, nikashukuru. Nilipokuwa ninalipa aliniuliza, huku akirudisha chenji, “Mzee, huo mtsunga wako ni kitu gani hasa?”

Kabla sijafungua kinywa, yule mzee jirani yangu alimjibu. “Usimwulize yeye, ni msafiri. Nenda kamwulize nyanyako, na uende leo.”